Klarineti ya Mama Niliyoikata

Nianze kwa kukiri, maana mtaambiwa tu: nilikata klarineti ya mama yangu kwa msumeno wa baba wa kukatia mabomba. Nilikuwa na miaka tisa, akili zangu timamu, na hakuna aliyenituma.

Juzi nilipita kwa wachonga vinyago, harufu ya mpingo unaokatwa ikanipiga puani. Ni harufu ileile ya klarineti ya mama, maana nayo huchongwa kwa mpingo: kavu, tamu kwa mbali, na unga mweusi unaoganda kwenye jasho la vidole.

Msinihukumu mapema. Kanisani kwetu Tandika, wageni walituletea klarineti tano zilizokwisha kutumika. Mama, karani wa yadi ya makontena kule Kurasini, mtu asiyejua utani kabisa, aliomba moja kama mtoto anayeomba ubuyu. Akapewa. Kila jioni akitoka kazini anavua viatu, chai hanywi, anapuliza do re mi mpaka bata wa jirani wanaitikia. Sikuwahi kumwona na furaha ile.

Ishu ikawa kwenye mazoezi ya bendi ya kanisa. Wenzake wanne wakipiga, wimbo unateleza kama maji. Akiingia mama, jamani! Kama mtu kakanyaga paka. Vidole sahihi, pumzi sahihi, ila sauti inatoka chini kidogo ya wenzake, siku zote. Mwalimu Sanga wa bendi, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa tarumbeta, alivumilia miezi miwili. Kisha akamwita pembeni, mie nikiwa nyuma ya spika natafuna muwa.

"Mama Baraka, Jumamosi ndiyo mwisho. Ukigongana tena na wenzio, hiyo klarineti nampa mwingine."

"Sawa, Mwalimu."

Njia nzima kurudi nyumbani mama alilikumbatia kasha lake, na jioni zilizofuata hakulifungua kabisa. Nilishtuka. Mama, bila do re mi?

Kesho yake mchana nikafanya uchunguzi. Dada Neema, mpangaji mwenzetu, naye alikuwa bendini, basi nikailaza klarineti yake sambamba na ya mama. Ya mama ilizidi urefu kwa vidole viwili! Na mie nilikuwaga bingwa wa kupuliza chupa za soda, nikijua kabisa kuwa kirefu hutoa sauti nene. Kumbe mama kaonewa na kiwanda. Nikapima kwa rula, nikatia alama, nikakata ule mdomo wa chini uliopanuka. Nikapiga na msasa. Mnadhani nilikuwa nacheza?

Jumamosi mama alifungua kasha mbele ya bendi nzima. Alikitazama kile kisiki, akanitazama mie, na mie nikatazama feni.

"Nimeipunguza ifanane na ya dada Neema," nikasema kabla sijaulizwa.

"Mungu wangu!" Mwalimu Sanga akashika kichwa. "Haya, ipulize hivyohivyo tuone."

Mama akapuliza do. Ilikuwa chini vilevile! Nimekata bure!

Lakini Mwalimu alikunja uso, akaenda kwenye kinanda. Akamwomba do tena. Do ya wenzake ilikaa kwenye kitufe cheusi. Ya mama ikaangukia cheupe kilichoko ubavuni, chini yake. Akaomba re, akaomba mi, akapanda naye mpaka juu. Kila noti ilikuwa chini kwa kiasi kilekile, nusu hatua, haizidi wala haipungui.

"Haina kosa hii," alisema polepole. "Imetengenezwa hivi. Ngazi ya do re mi ni ileile, ila hii inasimama nusu hatua chini. Mama Baraka, anzia nusu hatua juu, halafu upande kama kawaida."

Mama akatafuta. Vidole vikahangaikia vyuma ambavyo hakuwahi kuvigusa. Kisha do ikatoka, ikalala juu ya do ya dada Neema kama shuka juu ya godoro.

"Nisamehe, mama," Mwalimu akasema, kofia mkononi. "Ni mie nisiyejua. Hiyo ni yako."

Sasa niko kidato cha tatu, nami napiga hukohuko bendini, ndipo nimeelewa: sauti hutokea kwenye tundu la kwanza lililo wazi, kwa hiyo msumeno wangu uliua noti ya chini kabisa tu, ambayo mpaka leo inakoroma. Klarineti ilikuwa inasema kweli miezi yote ile. Sisi ndio tuliilazimisha ianzie pa wenzake. Mama alijifunza ngazi zote upya, moja moja, na hajawahi kukosa kiti chake.

Ila siku ile sikujua lolote. Nilikuwa nasubiri fimbo. Fimbo haikuja. Jioni mama alikiweka mezani kile kipande nilichokikata, akanikalisha mbele yake, akasema hivi, neno kwa neno:

"Muhula uliopita hesabu umeshika mkia darasa zima. Mimi nilikukata wapi?"