Wimbo wa Kikorea kwenye Matanga ya Kayole

Saa kumi na mbili asubuhi, Aoko anakanda unga wa chapati chumbani kwake Kayole, Nairobi, huku akiijaribu sauti yake taratibu. Ndivyo anavyoanza kila siku. Kabla hajamaliza ubeti wa pili, mlango unagongwa. Ni jirani yake, Tobias. Hana viatu.

"Mama, Adongo ametuacha."

Adongo, binti wa Tobias, alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliugua selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali ya mifupa, tangu utotoni.

Aoko, 54, huimba nyimbo za maombolezo kabla mwili haujasafirishwa kwenda nyumbani, magharibi mwa Kenya. Zamani aliitwa mara nne kwa wiki. Siku hizi ni mara moja, kwa shilingi elfu mbili.

"Spika zimenipiku," anasema. "Juzi huko Umoja jeneza lilitoka na wimbo wa klabu kutoka Lagos. Vijana wakacheza, wazee wakainamisha vichwa."

Kabla ya kutunga, huuliza marehemu alipenda nini.

"Muziki wa Wakorea," Tobias anamjibu.

"Baba Adongo! Huo nitaomboleza nao vipi? Nani hapa anauelewa?"

"Yeye aliuelewa."

Tobias anamletea daftari. Humo Adongo aliandika maneno ya wimbo mmoja jinsi alivyoyasikia, na maana yake pembeni.

Kwa siku tatu, Ladan, rafiki wa Adongo kutoka Eastleigh, anamfundisha Aoko wimbo huo akiupiga kwenye simu yake.

"Mama, unauvuta sana! Huu ni wa kudensi."

"Wewe densi. Mimi nina msiba."

Aoko anatamani kupata msichana wa kumrithi kazi. "Hata akija na nyimbo zake," anasema, "mradi ajue anamlilia nani."

Ijumaa alasiri, chini ya hema, anauimba polepole, peke yake. Vijana wanashusha simu zao.

"Hii nayo ni nini?" mzee mmoja, Mbaluka, ananong'ona.

Tobias anasimama na kuligeukia jeneza.

"Adongo, kila jioni nilikufokea uzime huo muziki. Ukadhani nauchukia." Anashika ubao wa jeneza kwa mikono miwili. "Nilikuona ukicheza na miguu inakuuma, mwanangu. Niliogopa utaanguka. Ulikuwa unacheza vizuri. Vizuri sana."