Bi Samahani na Ng'ombe wa Alhamisi

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ameajiriwa kuomba radhi. Nilipowaambia wenzangu wa kwaya walidhani natania, lakini ni kazi kamili, ina kiti kinachozunguka na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kampuni yao inatengeneza gemu ya mtandaoni ya ufugaji. Mtu mzima mwenye akili zake anafuga ng'ombe ndani ya simu, anamjengea zizi lisilo na harufu, na ng'ombe akipotea anatoa machozi ya kweli. Akishalia, anamwandikia mkwe wangu. Naye anamjibu: "Samahani kwa usumbufu. Timu yetu inalifanyia kazi."

Ofisini wakambatiza Bi Samahani. Mwanangu naye anamwita hivyo, ingawa nyumbani neno lenyewe hajawahi kulisikia likitoka kwake.

Sasa, kila Alhamisi saa nane mchana mafundi wao walikuwa wakipandisha toleo jipya la gemu, na kila Alhamisi saa nane na dakika mbili ng'ombe wa watu walikuwa wakipotea. Ijumaa kulikuwa na mkutano wa kuboresha utendaji. Mkutano huo ulichunguza ukagundua kwamba tatizo ni uchache wa mikutano, ukaongezwa wa Jumatano. Ukutani walibandika vikaratasi, vya njano kwa kazi zinazosubiri na vya kijani kwa zilizokwisha. Cha ng'ombe kilikuwa cha kijani tangu mwaka jana, maana kwa utaratibu wao mchezaji aliyejibiwa ni mchezaji aliyesaidiwa. Waliokuwa hawajapata taarifa ni ng'ombe peke yao.

Mkwe wangu hakuwa na neno. Alikuwa kwenye miezi ya majaribio, imebaki miwili, na aliitaka kazi ile kwa moyo wote. Kisha akaandika mchezaji mmoja, fundi cherehani, aliyepotelewa mara ya nne: "Dada yangu, radhi nimeshiba. Niambie tu, mnajua ng'ombe wanakokwenda au hamjui?"

Akalibeba swali hilo ghorofa hadi ghorofa. Mwisho akafika kwa fundi wa programu.

"Kaka, hivi hawa ng'ombe wanakwenda wapi?"

"Kwani kikaratasi si cha kijani?"

"Kikaratasi kijani, zizi tupu."

"Mimi dada najua nilichobadilisha mwenyewe. Alichobadilisha mwenzangu huwa nakisikia Ijumaa."

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui. Ila usiniseme."

Hakumsema. Alhamisi asubuhi aliandika kwenye ubao wa matangazo wa gemu, unaosomwa na wachezaji wote: "Leo saa nane tunapandisha toleo jipya. Huenda ng'ombe wakapotea tena. Hatujui kwa nini. Ukipotelewa, tuandikie ng'ombe wako alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini."

Kabla ya chakula cha mchana aliitwa na meneja wa mawasiliano, bwana ambaye tangu aajiriwe hakuwa amewasiliana naye.

"Umeandika hatujui."

"Ndiyo, bosi."

"Kampuni ya ghorofa tatu, wewe unasema haijui?"

"Zote tatu nilipita nikiuliza, bosi."

Akaambiwa Jumatatu atapata barua yake. Jioni hiyo aligusa chakula tu, akaniambia, "Mama, niombee." Nikamwombea. Mungu anisamehe, nilipomaliza niliona si vibaya kuwataja na ng'ombe.

Wachezaji nao, waliozoea kuandika matusi, safari hii waliandika habari. Fundi cherehani alisema waliokuwa zizini walibaki, aliyepotea alikuwa akinywa maji. Mwingine akasema wake pia alikuwa akinywa. Mpaka Ijumaa asubuhi zilikuwa barua mia tatu na ushee, na ng'ombe wote wana kiu. Mkwe wangu akazichapa, akaingia nazo mkutanoni, akaziweka mezani bila kuomba radhi.

Fundi wa programu alisoma tatu, akafungua kompyuta. Kumbe kila toleo jipya lilibomoa hori la maji la zamani ili kuweka jipya, na ng'ombe aliyekuwa amezamisha mdomo saa hiyo alibomolewa nalo. Alirekebisha kwa dakika ishirini. Mikutano ilikuwa imemaliza mwaka.

Jumatatu barua ikaja. Ilikuwa na aya mbili: ya kwanza inamthibitisha kazini kwa moyo wake wa kujituma, ya pili inamwonya kwa moyo huohuo. Akatia sahihi chini ya zote. Meneja alipanda jukwaani mbele ya wafanyakazi wote akaeleza jinsi alivyojenga utamaduni wa uwazi, akapigwa picha, na utaratibu ukatolewa: neno "hatujui" sasa linaruhusiwa, kwa fomu yenye sahihi tatu, si zaidi ya mara moja kwa mwezi.

Juzi kuku wa gemu wameanza kutaga mawe. Mkwe wangu kajaza fomu vizuri, na palipoandikwa "Eleza kwa nini hamjui" akaandika "Hatujui." Fomu imerudishwa. Wamemwambia hiyo ni "hatujui" ya pili, ya kwanza ni fomu yenyewe.