Makosa ya Mama Daftari

Siku ya kwanza kazini nilifika na kamusi, kalamu nyekundu na buibui lililopigwa pasi likanyooka. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili shuleni hapa Nakuru tangu ujanani. Sasa watu wa televisheni walikuwa wamenichukua niwe mshauri wa lugha katika kipindi cha vichekesho kuhusu ngumbaru, yaani darasa la watu wazima. Walikodi ukumbi mtaani Rhonda, wakapanga madawati na ubao. Nilisoma muswada usiku kucha, nikamrudishia mwelekezi, kijana wa rika la kitindamimba wangu, kurasa zote zikiwa nyekundu. Akacheka.

"Mathe, hapa hatutaki usahihishe. Hawa ni wanafunzi. Wakiongea fiti, nani atacheka?"

Basi kazi yangu ikawa kuharibu. Mstari wa mwanafunzi uliandikwa kwanza kwa Kiswahili safi, kisha mimi nikautia kosa. Kosa hilo lilipaswa kufanana na la mtu halisi, tena lirudiwe vilevile kila teki, maana kila kamera ilipoanza upya mwigizaji alisema mstari uleule. Watazamaji hudhani ni mchezo. Wallahi, ilinichosha kuliko kusahihisha insha za shule nzima.

Nilikereka pia. Katika sinema na vipindi vingi nilivyotazama, anayejifunza lugha ama ni wa kuchekwa mpaka mwisho, ama anaonyeshwa akisoma huku muziki ukipigwa, na kabla haujakwisha anaijua yote. Ile miaka ya katikati, mtu anapojifunza hasa, hakuna anayeipiga picha.

Akinyi alikuwa katika miaka hiyo. Alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua huko kwao Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, na walimchagua kwa kuwa Kiswahili kilimsumbua kweli. Wakampa sehemu ya Mama Daftari, mwanafunzi wa dawati la mbele anayejibu kila swali kwa kishindo na kulikosa. Haukupita muda, hata watoto wa mtaani kwangu Bondeni wakawa wanamwiga.

Mchana mmoja, wenzetu wakila chapati na maharagwe, alinivuta pembeni.

"Mwalimu, nifunze ile ya ukweli. Kwetu kuna njia ya kwenda ziwa, kuna watu wanataka kuifunga. Siku ya baraza nataka nisimame niongee, watu wanyamaze, wanisikize."

Nikamfundisha kila mchana. Sijapata kuwa na mwanafunzi wa kiu kama ile, na nilimpenda kwa hilo. Mvumilivu hula mbivu, nilimwambia, naye akavumilia. Kufikia msimu wa tatu, makosa niliyomwandikia yalikuwa yanamkwama mdomoni. Mtayarishaji mkuu, bwana mpole asiyepandisha sauti, akatuita ofisini.

"Mwalimu, unaniulia Mama Daftari. Watu wanampenda vile alivyo."

Mimi na domo langu nilikuwa tayari kwa vita, lakini Akinyi alinitangulia.

"Wacha tu, boss. Kwa kamera nitakosea. Nyumbani nitaongea poa. Hii ni kazi."

Sote tuliona ni jawabu la busara. Akaendelea kukosea kwa ustadi mpaka kipindi kikafungwa, nami nikastaafu.

Halafu siku moja akanipigia simu: "Mwalimu, baraza imefika." Tuliandaa maneno yake pamoja, nikasafiri hadi Kamere kumsikiliza. Wavuvi walikuwepo, na akina mama wa samaki, na vijana wa mashamba ya maua. Akasimama.

"Ndugu zangu, njia hii ndiyo inayotufikisha majini. Ikifungwa, wavuvi watapita wapi, na sisi tutachota wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, walimpenda mno. Simu zikainuliwa. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mama Daftari! Acha kujifanya, ongea kama ya TV!"

Akinyi akangoja watulie, akaanza tena, taratibu, kwa Kiswahili kilekile. Wakazidi kucheka, wakidhani sasa anamwigiza mwalimu. Mwenyekiti wa baraza alipangusa machozi ya kicheko.

"Asante, Mama Daftari, umetuchangamsha. Sasa tusikize wenye hoja."

Njia ilifungwa. Jambo kama lile lina mikono mingi, siwezi kuapa kwamba maneno ya mtu mmoja yangeiokoa. Ninachojua ni kwamba hayakusikika, na hilo linaniuma hadi leo. Wajukuu hunionyesha vipande vya kipindi kwenye simu, "Nyanya, hii uliandika wewe?" nami hukubali. Vijana wanaoandikia televisheni huja kuniomba ushauri. Huwaambia wamwache mwanafunzi wao ajue kitu, hata kama ni katika kipindi cha mwisho. Wao huitikia kwa adabu, kisha huniomba mifano ya makosa ya kuchekesha.

Siku ile ya baraza Akinyi alirudi kuketi kando yangu. Watu walikuwa bado wanacheka. Akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote.