Kipepeo wa Usambara, Mtaa wa Sikukuu

Mwanangu, iko asubuhi moja naikumbuka hadi leo. Zilikuwa enzi za Ujamaa, nami ni fundi cherehani kwenye ushirika wetu pale Kariakoo, nimepanga chumba Mtaa wa Sikukuu. Mama nilikuwa nimemleta kutoka Lushoto aje kutibiwa miguu. Miguu ikapona, lakini sikumrudisha. Nilipenda kumkuta nyumbani nikitoka kazini. Mapenzi nayo yana uchoyo wake.

Kaka yangu alituletea kapu la matunda kutoka kijijini. Kwenye kijiti kimoja paliganda kifuko cha kipepeo. Mama akakichomeka dirishani. Asubuhi hiyo kikapasuka, akatoka kipepeo mkubwa mweusi, mbawa zake zimepitiwa na mkanda wa buluu inayong'aa. Wapangaji wakajaa mlangoni.

"Mbona huyu sijapata kumwona hapa Dar?" akauliza mwenye nyumba, mzee wa Kirufiji.

"Utamwonea wapi?" Mama akamjibu. "Hawa ni wa misitu ya milimani. Wapo Kilimanjaro, wapo Upare, wapo kwetu Usambara. Huku kwenye joto hawashuki."

Kipepeo akaruka, akapotea juu ya mabati ya jirani. Mama akanigeukia, machozi yanamlenga.

"Mwanangu, nirudishe nyumbani. Nina hamu na ukungu."

"Subiri nimalize sare za shule, Mama. Zikiisha tu, tunaenda."

Hakubisha. Mama yangu hakuwa mtu wa kubisha. Sare zikaisha, zikaja za mgambo; nikamwambia asubiri tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila aliyeumia hakuwa mimi. Masika yalipoanza homa ikamshika, na siku ya tatu akafariki mikononi mwangu. Barabara ya kwetu ilikuwa imekatika kwa mvua. Tukamzika hapa hapa mjini, kwenye mchanga, yeye aliyezoea udongo mwekundu.

Nimeshazeeka, na bado kuna siku natamani kumwambia, "Funga mizigo, Mama, basi ni la alfajiri."

Basi nisikilize. Mzazi akikwambia ana hamu na kwao, usimpangie foleni nyuma ya kazi zako. Kazi haziishi, wazazi ndio huisha. Mpeleke angali anaiona njia. Mungu akupe moyo mwepesi wa kuitikia, na akujalie kuwahi. Amina.