Msiba Kwenye Menyu ya Pembeni

Chumba nilichopanga Rwamishenye, pembeni mwa mji, kina dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani. Hilo lilinifaa. Mwaka ule baada ya mama kufariki sikutaka kutazama kitu chochote kinachokwenda mbali. Nilikuwa nimezunguka vya kutosha: Mwanza kwenye duka la vipuri, Geita machimboni, Kigoma kwenye maboti ya mizigo. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa mambo yanavyokwenda, kisha nikaondoka. Shule niliiacha kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza, nilichoka kukaa sehemu moja nikisimuliwa vitu vilivyoko kwingine.

Kazi niliyoipata safari hii ilikuwa ya kukaa. Chama kidogo cha wakulima wa migomba na kahawa, upande wa Muleba, kilitaka mwongozo wake wa kilimo uwekwe kwenye tovuti ili mkulima aufungue kwenye simu akiwa shambani. Kurasa zilikuwa zimeshaandikwa na bibi shamba wao, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Mimi, niliyejifunza kutengeneza tovuti kwa kuchokonoa tovuti za watu wengine, nilipewa kuzipanga. Yaani menyu ya pembeni: ile safu ya majina upande wa kushoto inayomwambia msomaji humu kuna nini na aanzie wapi.

Ni kazi ya kimya. Kila ukurasa una faili lake, na kuna faili moja linaloamua nani amtangulie nani. Unaandika majina kwa kufuatana, na ukurasa ulio chini ya mwingine unausogeza ndani kwa nafasi kidogo. Ukikosea nafasi moja tu, ukurasa unahamia kwa mzazi asiye wake, au menyu nzima inatoweka. Na ukisahau kuandika jina la ukurasa, haufutiki. Upo, una anwani yake, umekamilika tangu kichwa mpaka mwisho, ila hakuna njia ya kuufikia. Niliposoma hilo mara ya kwanza niliacha kazi nikaenda kuchemsha chai.

Mwanzoni sikuandika mpangilio wowote, nikaiacha mashine ipange yenyewe. Ikapanga kwa alfabeti. Bibi shamba alinitumia ujumbe wa sauti.

"Kijana, mbona mwongozo wangu unaanza na Asante kwa Wafadhili? Halafu Baada ya Mavuno iko juu, Kupanda iko chini. Sisi huku tunapanda kwanza, sijui ninyi wa mjini."

Nikaurudia ule ujumbe mara kadhaa. Si kwamba sikuuelewa. Ilikuwa sauti pekee iliyosema nami siku hiyo. Wapangaji wenzangu walitoka asubuhi na kurudi jioni, kila mmoja na kufuli lake, tukisalimiana kwa Kihaya koridoni, "Wasibota," "Wasibota," basi. Kuna siku nilijikuta nasoma majina ya menyu kwa sauti ili chumba kisikie mtu.

Nikapanga upya, safari hii kama kitabu cha shule: Udongo, Miche, Kupanda, Palizi, Magonjwa, Mavuno, Vifaa. Asante nikaitupa chini kabisa. Bibi shamba akasema, "Sasa imetulia." Nikaanza kufikiria pa kwenda. Kuna mtu aliniambia Mpanda wanatafuta watu wa kufunga sola, na sola nilikuwa sijaijua.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Izigo kumjaribishia shangazi. Ni dada yake baba. Baba alitangulia zamani. Mama alipofariki shangazi akahamia kwenye nyumba yetu ili kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, lisibaki bila mtu. Alikuwa peke yake mle, na mimi nilikuwa peke yangu mjini, na bado sikuwa naweza kulala kwenye nyumba ile. Hatukuwa tumeliongelea hilo.

Alinikuta uani akaniwekea kahawa ya kutafuna kwenye kiganja.

"Tata, umekonda," akasema. Shangazi huniita tata, kama anavyomwita kila mwanamume wa ukoo wake, hata mtoto wa kunyonya.

Nikampa simu. "Shangazi, tuseme mgomba wako umeugua. Tafuta humo ufanye nini."

Aliishika kwa mikono miwili. Menyu kwenye simu hujificha. Lazima ubonyeze mistari mitatu iliyoko kwenye kona. Hakuiona. Aliteremsha ukurasa mpaka chini, akakutana na wafadhili, akawasoma wote kwa heshima. Nikamwonyesha mistari mitatu. Akafungua, akapita Udongo, Miche, Kupanda, akafika mwisho, akarudi juu.

"Msiba uko wapi?"

"Huu ni mwongozo wa kilimo, shangazi."

"Najua ni wa kilimo. Nakuuliza msiba uko wapi."

Kisha akaniambia nimfuate. Tukapita katikati ya migomba mpaka kwenye makaburi, la baba na la mama, moja karibu na lingine. Mgomba uliosimama kichwani kwa mama ulikuwa umelegea majani, ya njano kama umemwagiwa maji ya moto. Mkungu wake mdogo ulianza kuiva kabla ya wakati, ndizi hii imeiva, ile mbichi. Shangazi akaukata kidogo kwa mundu wake. Ukatoka usaha.

Mnyauko. Niliujua kwa sababu nilikuwa nimeupanga mwenyewe: Magonjwa, kipengele cha kwanza.

"Umeingia na visu vya mazishi," shangazi akasema. Hakuwa na hasira. "Watu walikuja kutusaidia. Waliokata majani, waliokata mikungu ya kupika, kila mmoja na mundu wake kutoka kwake. Huko kwake kuna nini, nani anauliza? Msibani huulizi mundu umetoka wapi."

Ni kweli. Kwetu jirani mwema haji msibani mikono mitupu. Huja na chombo chake, na anaingia shambani kwako bila kupiga hodi kwa sababu siku hiyo shamba ni la wote. Na mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Watu wangekuja tena kumaliza msiba, na visu vilevile. Mgomba mmoja shangazi angeweza kuung'oa na kuufukia. Baada ya shughuli hiyo angebaki na shamba gani?

"Wameandika humo upitishe kisu kwenye moto," nikamwambia. Nikautafuta ukurasa. Ulikuwa chini ya Vifaa, ndani ya Utunzaji, ndani ya Usafi. Nilikuwa nimeuweka hapo mwenyewe na kujisifu kwamba kila kitu kiko kwenye droo yake.

"Nani atafungua Vifaa akiwa na maiti ndani?" shangazi akauliza. "Na hata akifungua. Niwaambie nini? Baba fulani, mama fulani, asante kwa kuja kunifuta machozi, hebu choma kisu chako kwanza? Watasema nawaita wachawi. Hawatakuja tena. Nibaki na migomba, nikizungumza nayo?"

Nilirudi mjini na swali lake.

Kule Mwanza, kwenye duka la vipuri, bosi wangu hakupanga vitu kwa aina. Alipanga kwa vinavyoharibika pamoja: breki na mafuta yake, mnyororo na meno yake. "Mteja haji na aina," alikuwa akisema, "anakuja na tatizo." Nilikuwa nimelijua hilo kwa miaka na sikulitumia. Nikafungua lile faili la menyu, nikavunja vichwa vyote nilivyoviandika, nikaanza upya kwa kujiuliza mtu huingia migombani kwa sababu gani. Ikawa Unapoanza Shamba. Unapoletewa Miche. Mgomba Ukiugua. Unapovuna. Kukiwa na Msiba.

Kwenye hicho cha mwisho nilikosea nafasi moja, na menyu yote ikapotea. Nilikaa mbele ya kioo cheupe nikitafuta nafasi tupu isiyoonekana, mvua ikipiga bati, mpaka nikaiona: ukurasa wa moto ulikuwa umeingia ndani kupita kiasi, hauna mzazi. Nikaurudisha nje kidogo. Vyote vikatokea.

Bibi shamba alipiga simu mara moja.

"Msiba? Kwenye mwongozo wangu? Wewe kijana unataka wanachama wanikimbie?"

Nikamweleza ya shangazi. Sauti ya kwaya ikashuka.

"Waitu," akasema, kama mtu anayeomba radhi. "Mwezi uliopita nilikwenda kuzika Rubafu. Nilikata majani kwa mundu wangu. Sikukumbuka, na mimi ndiye niliyeandika huo ukurasa." Kisha akacheka kidogo. "Uache. Ila usiuweke wa kwanza. Mtu afungue simu akutane na msiba? Atadhani ni taarifa."

Shangazi naye alikuwa ameshapata jibu lake. Nilipofika Izigo kwa ajili ya shughuli, alinivuta nyuma ya jiko.

"Utawaambia wewe."

"Mimi? Mimi wananijua kidogo tu."

"Ndiyo maana. Mimi wakinikasirikia nimepoteza majirani. Wewe huna jirani hapa. Wakikukasirikia, wamemkasirikia mpita njia." Akanitazama, akaona neno limeingia wapi. Akanishika mkono. "Tata, sijasema kwa ubaya."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kweli, na ilikuwa mara ya kwanza kwangu kupewa kazi kwa sababu sikuwa wa mahali.

Nilikoka moto pale njia inapoingilia migombani, nikasimama kando yake. Wakaanza kuja, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja niliyemwona ana mundu au panga nilimsalimu kwa heshima zote nilizokuwa nazo, nikamwomba apitishe makali motoni kabla hajagusa mgomba. Wengine walicheka.

"Ahaa, huyu ndiye wa tovuti! Umetoka mjini kuja kutuchomea visu?"

"Chunga usije ukatuchoma na sisi."

"Mae, huyu mwanao ana homa?" mmoja akamwuliza shangazi kwa sauti. Shangazi akainama kwenye sufuria kama hajasikia.

Walipitisha, wakicheka. Kisha akaja mzee wa kibanja cha jirani, aliyekuwa wa kwanza kufika siku mama alipofariki. Nilimwambia kama nilivyowaambia wengine. Hakucheka.

"Mama yako tulimzika na kisu hiki," akasema. "Majani uliyolalia wewe siku zile za matanga niliyakata mimi na kisu hiki."

"Najua, mzee."

"Unajua nini? Ulikuwa wapi alipokuwa anaugua?"

Waliokuwa karibu wakageuka. Nilikuwa Kigoma, nilikuwa nahesabu magunia ya watu, lakini sikulisema hilo. Nilisema tu, "Kichwani kwake mgomba umeoza, mzee. Sitaki mwingine uoze."

Alitazama kule makaburini. Shangazi alikuwa ameshaung'oa ule mgomba, na mahali pake palikuwa wazi, jua likipiga kaburi moja kwa moja. Nadhani hakuwa amepaona. Alisogea, akaweka makali motoni, akayageuza upande wa pili polepole, kama mtu anayechoma ndizi. Kisha akaingia migombani bila kunitazama. Wakati wa kula alikaa mbali nami, na wengine wakakaa naye. Mimi nilikula pale motoni, kwa sababu kuna waliochelewa.

Miezi ikapita. Kila nilipompigia shangazi swali langu lilikuwa moja, migomba ikoje, na jibu lake lilikuwa moja: imesimama. Majirani wanampitia jioni kama zamani. "Wanakuuliza habari zangu?" nilimwuliza siku moja. "Wanauliza kama umeshaondoka," akasema.

Nilikuwa karibu kuondoka. Tovuti ilikwisha, mwenye nyumba nilikwisha kumwambia naachia chumba, na begi lilikuwa limefungwa liko mlangoni, nguo zote ndani. Mpanda bado walitaka watu. Asubuhi hiyo simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Ni mimi," sauti ikasema, na nikaitambua: mzee wa jirani. "Ile simu yako. Ule msiba uliouweka, unaupataje?"

"Kuna mistari mitatu kwenye kona, mzee. Ibonyeze. Shuka mpaka karibu na mwisho."

Nikamsikia akipumua, akimwuliza mtu kona ipi.

"Nimeuona," akasema. Kisha akaongeza: "Kwangu tumefiwa. Mke wangu."

Nikasema pole, na Kihaya changu kikanitoka vibaya, kama cha mtoto.

"Unao mundu?" akauliza.

"Sina, mzee."

"Haya. Basi njoo ushike moto."

Huko juu mawingu yalikuwa yameshafunga. Nililaza begi langu chali, nikalifungua, nikaanza kutafuta koti la mvua, ambalo nilikuwa nimelipanga chini kabisa.