Neno Moja Kwenye Jalada la Santuri

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa kuandika mabango mjini Kisii. Chumba changu cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, kina dirisha moja, na harufu ya tapentaini ilikuwa haitoki hata nikiacha mlango wazi siku nzima. Niliandika majina ya maduka, bei za sukari, maonyo ya mbwa wakali. Mimi si mzaliwa wa huko. Nilitoka upande wa ziwani kufuata kazi, na Kigusii changu kilikuwa cha kusalimia na kununua ndizi tu. Mengine yote tuliyasema kwa Kiswahili, kila mtu na kile alichookota shuleni au kazini.

Siku moja aliingia mwanamume wa makamo, mrefu, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Nilimjua kwa sura. Alikuwa mpigaji wa obokano, ile ala kubwa ya nyuzi nane ambayo sauti yake nzito unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Alikuwa na wenzake wawili, mmoja wa gitaa na mwingine wa kayamba, na watu wa santuri kutoka Nairobi walikuwa wamewarekodi nyimbo mbili.

"Santuri inakuja," aliniambia. "Lakini inakuja ndani ya karatasi ya kaki, kama sukari. Nataka jalada letu wenyewe. Mtu akiingia dukani aone sisi."

Akataka pia matangazo kumi na mawili ya ngoma ya Jumapili alasiri, karibu na soko la Masimba, ambako santuri zingeuzwa kwa mara ya kwanza. Juu kabisa niandike jina la kikundi kwa herufi kubwa. Maana yake ni vijana, akasema, lakini niandike kwa lugha yao, kwa sababu wanunuzi ni watu wa nyumbani.

Akalitamka. Mashine ya fundi cherehani wa mbele ilikuwa ikinguruma, naye aliharakisha maana lori lililomleta lilikuwa linapiga honi. Nikaitikia, "Sawa, mzee, nimeshika." Sikuwa nimeshika. Jioni nilipochukua brashi, kichwani ilikuwa imebaki "aba" tu.

Ningeweza kungoja arudi. Ningeweza kumtafuta mtu wa gitaa. Lakini niliona aibu kukiri kwamba jina lenyewe la kikundi lilinitoka siku ileile. Kesho yake nikaenda sokoni Daraja Mbili kwa mama niliyekuwa nanunua ndizi kwake kila wiki. Wanawe wawili wadogo walikuwa wanagombania pera miguuni pake.

"Mama," nikamwuliza, "vijana mnawaitaje kwa lugha yenu?"

Akawatazama wale wawili, akatikisa kichwa. "Hawa? Hawa ni abaisia."

Lilianza na "aba". Nikamshukuru, nikalirudia njiani mpaka chumbani ili lisinitoke tena.

Ile kazi niliifanya kwa moyo wangu wote. Jalada nililichonga kwenye kipande cha linoliamu, lile zulia gumu la sakafuni. Ukichonga hivyo unachonga kinyume, herufi zikitazama nyuma, ili zikichapwa zitokee sawa. Nilimweka yule mzee katikati ameinamia obokano yake, nyuma yake vilima na migomba, na juu yake neno lile, herufi nene zenye kivuli. Nilikuwa nikisimama mbali na kukitazama kile kipande, kisha narudi karibu. Nikakifunga kwa gunia nikakituma Kisumu kwa mchapaji mmoja wa Kihindi, mzee aliyekuwa ananichapia kadi za harusi. Halafu nikaandika matangazo kwa rangi nyekundu na nyeusi. Sita niliyatundika mwenyewe kwa baiskeli: mawili mjini, matatu njia ya Masimba, na moja dukani Nyacheki. Sita yaliyobaki niliyaacha yakauke, niyatundike mwisho wa wiki.

Jumanne asubuhi alikuja mwalimu wa shule ya Wasabato, mteja wangu, kuulizia kibao cha shule yake. Alisimama mlangoni akiyatazama matangazo ukutani. Hakunisalimu.

"Fundi," akasema, "nani amekuambia uandike hivi?"

"Ni kikundi cha muziki. Maana yake vijana."

"Vijana ni abamura." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Abamura ni vijana waliokwisha kutahiriwa, wanaume kamili. Wewe umeandika abaisia. Hao ni wavulana ambao hawajapita kisu." Akanitazama. "Hilo ni tusi, fundi. Kwa mwanamume wa huku hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Na limeandikwa na wewe."

Hakuhitaji kueleza hayo maneno ya mwisho. Kwetu hatutahiri. Sisi tuling'olewa meno ya chini, na ukifungua kinywa tu unajulikana ulikotoka. Mzaha juu ya jambo hilo ulikuwa unaanza kwa kicheko sokoni na kuishia kwa mawe. Sasa mtu wa ziwani alikuwa amewaandikia wanaume watatu wa Kigusii, wenye wake na watoto, kwamba wao ni watoto, kwa herufi nyekundu za urefu wa shibiri, barabarani.

Nilikaa juu ya debe la rangi. Nakumbuka mwalimu alinimiminia maji kutoka mtungi wangu mwenyewe.

"Mengine yako wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia pia juu ya Kisumu.

"Basi usikae," akasema, akaniandikia neno sahihi kwenye karatasi.

Nilikwenda posta kwanza. Simu ya maandishi ilikuwa na maneno machache: USICHAPE JALADA NAKUJA. Kisha nikapanda baiskeli. Yale mawili ya mjini niliyakuta. Ya njia ya Masimba niliyakuta yote matatu, moja limelambwa na mbuzi upande wa chini, na nikatamani angelianza upande wa juu. Kila nilipong'oa msumari niligeuka kuona nani ananitazama. Bibi mmoja aliyekuwa anaanika maua ya pareto kwenye mkeka aliniuliza kama ngoma imevunjwa. Nikamwambia hapana, narekebisha tu, nikapanda baiskeli.

Nyacheki nilifika alasiri. Ukutani pale dukani palikuwa na misumari minne tu. Tangazo halikuwapo.

"Lilichukuliwa," mwenye duka alisema.

"Na nani?"

"Sikuwa hapa."

Nilirudi mjini nikiwaza mikononi mwa nani ile karatasi ilikuwa. Sikula. Asubuhi ya Jumatano nikaenda Kisumu, na njia nzima nilikuwa napiga hesabu ya siku ambazo mchapaji alikuwa na kile kipande. Siku nane. Kwa kadi za harusi siku tatu zilimtosha. Akilini niliona majalada mia kadhaa yamepangwa na kufungwa kwa kamba, na neno lile juu ya kila moja.

Mchapaji nilimkuta amekaa mlangoni anakunywa chai kwenye kisahani. Aliponiona akapandisha miwani.

"Wewe!" akasema. "Simu yako nimepata jana. Barua yangu hukupata?"

"Barua gani? Umechapa?"

"Nichape vipi? Ingia, ingia uone kazi yako."

Akanivuta hadi kwenye mashine. Alikuwa amechapa karatasi moja tu ya majaribio. Juu yake akaweka sahani ya bati, akachora duara kwa penseli katikati kabisa. Mviringo ule ukapita juu ya uso wa mpigaji wangu, kuanzia kipaji mpaka kidevu.

"Jalada la santuri lina tundu," akasema. "Watu wasome karatasi ya santuri yenyewe, jina la wimbo. Hapa nikitoboa, mzee wako hana kichwa! Watu watauliza, huyu anaimba na nini? Nikaandika barua, nikasema, huyu fundi amechoka, nangoja yeye aje."

Niliangua kicheko, kisha nikaona kwamba machozi yananitoka, nikageuka ukutani. Nilikuwa nimesahau tundu. Mimi, niliyekuwa nimeshika santuri za watu mara nyingi nikipuliza vumbi, nilikuwa nimemchora mtu kichwa chake mahali ambapo hapatakuwa na karatasi, na kosa hilo ndilo lililoizuia mashine. Sijawahi kufurahia upumbavu wangu kama siku ile. Mchapaji alidhani nalia kwa ajili ya kazi kuharibika, akaagiza niletewe chai na mandazi.

Nililala kwa ndugu yangu aliyekuwa karani wa bohari, na kutwa ya Alhamisi nilichonga upya kwenye benchi la mchapaji. Nilimsogeza mpigaji upande wa kushoto, nikaiacha nafasi ya tundu iwe jua linalochomoza nyuma ya vilima. Ilikuwa picha nzuri kuliko ya kwanza. Neno ABAMURA nililichonga herufi moja moja huku karatasi ya mwalimu iko mbele yangu, na kabla ya kugusa kila herufi nililisoma tena. Mchapaji akaweka wino, akavuta mpini, akainua karatasi. Neno lilisomeka sawa.

Sasa lilibaki lile tangazo la Nyacheki, na lilibaki jambo la kusema. Ijumaa njiani nikirudi nilijishauri mara nyingi kunyamaza. Jalada lilikuwa sawa. Matangazo matano nilikuwa nayo. Huenda la sita lilifungiwa tumbaku likaishia hapo. Lakini mtu anayeandika majina ya watu hawezi kutembea mjini akiogopa kila anayemwita. Asubuhi iliyofuata, badala ya kufungua chumba, nikaenda nyumbani kwa mpigaji obokano, ng'ambo kidogo ya Nyacheki.

Nilimkuta uani anakaza nyuzi. Mkewe alinipa kigoda na uji. Nikauweka uji chini, nikamweleza yote: mashine ya cherehani, lori, aibu yangu, mama wa ndizi, mwalimu, Kisumu. Nilipofika kwenye lile neno nilishindwa kulitamka mbele yake, nikasema tu, "Niliandika lile jingine."

Mkono wake ulikuwa juu ya uzi mmoja, na uzi ule ulikuwa bado unalia kidogo kidogo.

"Ulipoliandika," akauliza, "ulijua?"

"Sikujua, mzee. Kweli tupu."

Akasimama akaingia ndani. Mimi nikatazama njia niliyojia. Alipotoka alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua magotini. Lilikuwa tangazo langu la Nyacheki.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Mke wangu ndiye anasoma, kwa sababu ya Biblia. Jumatatu alipita dukani, akasoma, akalitoa haraka akalificha ndani ya kikapu. Akanisomea hapa hapa. Nilikasirika, fundi. Nilichukua fimbo nije kwako."

"Na mbona hukuja?"

Mkewe alijibu kutoka jikoni. "Nilimwambia mtu anayetaka kukutukana haandiki vizuri namna ile. Herufi nzuri hivi? Nikamwambia, ngoja kwanza."

"Nikangoja," akasema mumewe. "Nilikuwa nataka kuona kama utakuja mwenyewe. Wale wenzangu sijawaambia. Yule wa gitaa ana hasira za karibu." Kisha kitu kikaanza kumtikisa mabega. Nilidhani analia. "Na huyo mama wa ndizi," akasema, akishindwa kupumua, "alikuwa anakuonyesha watoto wake! Watoto wa pera!" Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mkewe akatoka na mwiko mkononi, naye akacheka, na mimi, mwisho wa yote, nikacheka pia, lakini kicheko changu kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo ambao alikuwa ameuzoea mgongoni.

Nikanywa uji wote, nikaongezewa. Aliniimbia ubeti mmoja wa wimbo wa kwanza, akanitafsiria kwa Kiswahili: habari za ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Tulipoachana alinishika mkono. "Siku nyingine usikie vibaya usikie vizuri, niulize mimi. Hata mara kumi."

Ile karatasi aliitia motoni mbele yangu. Alasiri nzima mpaka giza nilikuwa nikizunguka kutundika matangazo mapya niliyoyaandika usiku wa kuamkia siku ile.

Jumapili mvua haikunyesha. Watu walikuja baada ya misa, wengine na viatu mkononi, na majalada yalikuwa yamewasili na kupangwa juu ya meza. Nilisimama kando ya lango nikila ndizi ya kuchoma. Kijana mmoja mwenye kofia ya jeshi alisimama mbele ya tangazo, akaweka kidole chini ya neno la juu na kuanza kulisoma silabi kwa silabi. Nikaacha kutafuna. "A-ba-mu-ra," akasoma. Akamwambia mwenzake jambo ambalo sikulielewa, wakaingia wote wawili, na ndani obokano ikaanza kuunguruma.