Nilimlisha Baba Mkwe Vibichi Mwezi wa Baridi

Nimekosa, jamani, nisiwazungushe. Baba mkwe wangu amekufa kwa baridi, na aliyemwacha apigwe na hiyo baridi ni mimi.

Sisi ni wa Nyanungu, huku juu Tarime. Mume wangu anafanya kazi kambi ya watalii kule Robanda, anarudi mara moja moja. Mama mkwe alishafariki, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na mzee. Wasiotujua niwaambie: kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wanaogopana kwa heshima. Haingii jikoni kwangu. Hawezi kuniambia chakula hiki sikitaki. Namwekea mlangoni kwake, naondoka macho chini.

Mzee alikuwa na sukari. Na mimi na simu yangu! Nikampata dada mmoja mtandaoni anafundisha kula vibichi tu, eti moto unaua chakula. Nikaona tiba ndiyo hii. Nikaacha kumpikia ugali na uji wa wimbi, nikawa nampelekea karoti, kabichi, parachichi na karanga mbichi nilizoloweka. Mume wangu akasema kwenye simu, "Sawa, lakini mzee mwenyewe amekubali?" Nikamjibu amekubali. Mwongo mkubwa mimi! Nilikuwa naona sahani zinarudi tupu, basi.

Ukaja mwezi wa saba. Baridi ya huku mnaijua, ukungu haukuoneshi hata zizi la ng'ombe. Yule dada alikuwa na jibu: tafuna tangawizi mbichi, vaa soksi mbili, tembeatembea, mwili utajitengenezea joto. Nikampelekea mzee tangawizi na soksi. Mwenzangu alikuwa anafundisha huku feni inazunguka nyuma yake, na mimi wala sikujiuliza!

Na mimi je? Mimi nilikuwa najifungia jikoni nakunywa chai ya maziwa ya moto. Vibichi vilinishinda mapema sana. Hili la chai sijamwambia mtu, ila nyie.

Siku moja jirani yetu, mama Ghati, akanisimamisha njiani. "Wewe mama, mkwe wako anashinda kwangu anaota moto. Anatetemeka! Nimempa uji, amekunywa mpaka amelamba kikombe. Kwenu kuni zimeisha?"

Mungu wangu, aibu ile! Badala ya kukimbia kupika, nikakasirika. Nikamwambia asimpe tena, asije akampandisha sukari. Akaniangalia, akasema, "Haya, mzee ni wenu." Sijui kwa mama Ghati walimwambiaje, lakini mzee akaacha kwenda. Akawa anakaa nje na blanketi lake, anangoja jua.

Kikaanza kikohozi, kifua kikabana. Tulipomfikisha hospitali, koti lilikuwa linamning'inia. Nesi akamuuliza, "Babu, nyumbani unakula nini?" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nasikia.

Akasema, "Mke wa mwanangu ananipikia vizuri."

Ananipikia! Jamani, alinifichia. Hakutoka pale hospitali akiwa hai. Bora angenitukana!

Mume wangu alikuja kumzika tata, ndivyo anavyomwita baba yake. Nilimweleza kuhusu vibichi, nikajitetea kwamba mzee hakuwahi kulalamika. Hakunipiga wala hakufoka. Alisema tu, "Tata angekulalamikiaje wewe? Ndiyo maana nilikuuliza kama mwenyewe amekubali." Amerudi Robanda, na simu zangu hapokei.

Nyie mnaofuata mambo ya simu, yajaribuni kwa matumbo yenu wenyewe. Na ukiwa na mzee asiyeweza kukwambia neno, mtume mtu akamuulize, na asubuhi ya baridi mpelekee kitu cha moto. Msinionee huruma. Wa kuniombea msamaha sina, na wa kunisamehe nimeshamzika.